Nchi ya Mbali kwa Watoto wa Delta: Kufundisha Riwaya ya Distopia katika Somo la Kiingereza, Kibiti

Walimu wenzangu wa Kiingereza na Kiswahili kutoka Kibiti na Rufiji,

Mada yangu inahusu aina moja ya riwaya: ile inayochora nchi ambayo utawala wake umegeuka kuwa adui wa raia, au dunia iliyokwisha kuharibika na watu wachache wanatafuta namna ya kuishi ndani yake. Wahakiki huiita riwaya ya distopia. Nataka kuwashawishi kwamba riwaya hiyo ina nafasi katika somo la Kiingereza kwenye shule zetu za sekondari, na kwamba hapa Kibiti inahitajika kuliko Dar es Salaam au Arusha. Watoto tunaowafundisha wameona mambo mazito mapema mno, na hawana mahali pa kuyasemea. Riwaya ya namna hii huwapa nchi ya mbali ambamo wanaweza kuyafikiri pasipo mtu kuwalazimisha waeleze yaliyowapata. Umbali huo ndio faida yake kubwa, na kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuulinda.

Wanafunzi tulio nao

Mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne tuliye naye sasa alikuwa mtoto wa miaka saba au minane hivi mwaka 2017. Kati ya 2015 na 2017, Mkuranga, Kibiti na Rufiji zilipita katika kipindi cha mauaji ambacho sote tuliokuwapo tunakikumbuka. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na askari waliuawa kwa risasi. Aprili 13, 2017, askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja wilayani Kibiti. Bodaboda zilipigwa marufuku kutembea usiku, na watu wakawa wanafunga milango jua lingali linaonekana. Wapo pia waliotoweka, akiwemo mwandishi wa gazeti la Mwananchi, Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, na ambaye hajaonekana tangu Novemba 21, 2017.

Halafu yakaja maji. Aprili 2024 Mto Rufiji ulifunika mashamba na makazi katika wilaya zetu mbili, na Mei 4 kimbunga Hidaya kikaingia Mafia. Serikali ilieleza kuwa mvua zilizidi kiasi, na kwamba bila Bwawa la Julius Nyerere hali ingekuwa mbaya zaidi. Wanavijiji wengi waliamini kuwa yaliyowafika ni maji yaliyofunguliwa kutoka kwenye bwawa hilo hilo, lenye mitambo ya megawati 2,115. Mabishano hayo wanafunzi wetu waliyasikia nyumbani, na wengi wao wana maoni yao.

Mambo haya hayakuanza na kizazi chao. Babu wa mwanafunzi wako huenda ni miongoni mwa watu waliohamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu katika Operesheni Rufiji, baada ya mafuriko ya 1968. Nyumba ilipelekwa juu, shamba likabaki chini, kwenye udongo wa mto. Ndiyo maana mpaka leo msimu wa mpunga ukifika familia hushuka na kuishi kwenye madungu, na viti kadhaa darasani hubaki vitupu kwa sababu wenye viti wako shambani wanaamia ndege. Ukienda nyuma zaidi utafika Ngarambe mwaka 1905, kwa Kinjikitile Ngwale na vita vya Maji Maji, na mashamba na vijiji vilivyochomwa na Wajerumani mpaka njaa ikaua watu waliosalimika na risasi.

Nimeyataja haya kwa sababu vitabu vingi vya kufundishia huchukulia kwamba distopia ni habari ya kesho: mitambo itatawala, bahari itapanda, serikali itasikiliza kila neno la raia. Waandishi wa wenyeji asilia wa Kanada na Marekani wanalitazama jambo hili kwa namna nyingine. Wao wanasema dunia yao ilikwisha kuvunjwa zamani, na riwaya zao zinahusu watu wanaoishi baada ya kuvunjwa huko. Nilipousoma mtazamo huo niliona kwamba ndio unaowafaa wanafunzi wa Rufiji. Mtoto wa Salale au Mbwera hahitaji kuambiwa afikirie kijiji chenye hofu, au ardhi iliyofunikwa na maji. Anachohitaji ni njia ya kuvitazama vitu hivyo vikiwa mbele yake, si vikiwa juu yake.

Anza na Kusadikika

Ushauri wangu ni kwamba mwalimu wa Kiingereza aanze na kitabu cha Kiswahili. Najua baadhi yenu mtashangaa. Lakini fasihi yetu imekuwa na riwaya ya aina hii kwa muda mrefu, na ni hasara kumfundisha mtoto kana kwamba ililetwa na George Orwell. Nineteen Eighty-Four ilitoka 1949. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka 1951. Animal Farm ya Orwell yenyewe tunayo kwa Kiswahili tangu 1967, ilipotafsiriwa na Fortunatus Kawegere kama Shamba la Wanyama. Baada ya hapo wakaja wengine: Said Ahmed Mohamed na tamthilia yake ya Kivuli Kinaishi, kisha Babu Alipofufuka na Dunia Yao; Kezilahabi na Nagona na Mzingile; Katama Mkangi wa Kenya, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, na Walenisi yake ya 1995; Wamitila na Bina-Adamu! Sina nafasi ya kuvieleza vyote, na vingine ni vizito hata kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kusadikika si kizito. Ni kifupi, na kisa chake kinaelezeka kwa kipindi kimoja.

Nchi ya Kusadikika inaelea hewani. Kijana aitwaye Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha elimu ya sheria, na mshtaki wake ni waziri Majivuno. Karama anajitetea mbele ya mfalme na madiwani kwa kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita za dunia, pamoja na mbinguni na ardhini, wakatafute mambo ya kuifaa nchi. Kila mjumbe alirudi na mawazo mema, na kila mmoja malipo yake yakawa kifungo.

Tukumbuke mwandishi alikuwa nani. Shaaban Robert alikuwa karani katika utumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Mtu wa nafasi hiyo hangeweza kuandika kwamba mahakama za mwaka 1951 zinamdhulumu mwananchi, kisha kesho yake akaingia ofisini. Aliiinua nchi yake akaiweka hewani, akawapa watu wake majina ya tabia, na kutoka huko juu akasema alichotaka kusema. Umbali alioutengeneza kwa ajili ya usalama wake ndio ule ule ninaouomba kwa ajili ya mwanafunzi wangu.

Darasani tunaligeuza chumba kuwa baraza. Madawati yanasukumwa pembeni, mfalme anakaa kwenye kiti cha mwalimu, madiwani wanapanga mstari dirishani. Mashtaka na utetezi vinaanza kwa Kiswahili. Siku moja mvulana mmoja wa visiwa vya delta, ambaye kwa kawaida hanyanyui mkono, aliuliza swali lililosimamisha baraza lote: mjumbe wa pili alijua kwamba wa kwanza amefungwa, na wa sita alijua kwamba watano wamefungwa, kwa nini walirudi? Kwa nini hawakubaki huko huko walikotumwa, kwenye nchi nzuri?

Baraza liligawanyika. Mmoja alisema walikuwa na wake na watoto nyumbani. Mwingine akasema walidhani wao watasikilizwa, kila mtu hudhani yeye atasikilizwa. Msichana aliyekuwa akicheza Majivuno alisahau kwamba ni mshtaki, akasema mjumbe asiporudi aliyemtuma hatajua kitu, na nchi itabaki hivyo hivyo milele. Hapo ndipo nilipowapa daftari na kuwataka waandike, kwa Kiingereza, barua ya mjumbe wa sita akiwa njiani kurudi.

Barua zile ndizo Kiingereza bora nilichowahi kusahihisha kutoka kwa darasa lile. Makosa ya nyakati yalikuwamo, na herufi ndogo mahali pa kubwa. Lakini sentensi zilikuwa na mwenyewe. Mmoja aliandika kwamba habari aliyoibeba mjumbe haikuwa yake, ni ya waliomtuma, kwa hiyo hakuwa na haki ya kukaa nayo ugenini. Mtoto huyu alimaliza darasa la saba akisoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, akaingia sekondari akakuta karibu kila kitu ni Kiingereza. Amezoea kunakili sentensi za ubaoni kwa sababu hana la kusema katika lugha ile. Alipopata la kusema kwanza kwa lugha anayoiweza, aliyatafuta mwenyewe maneno ya Kiingereza, akaja mezani kwangu kuuliza moja baada ya jingine. Kwa hiyo siwaombi tuache Kiingereza. Naomba mabishano yatangulie kwa Kiswahili, kisha uandishi ufuate kwa Kiingereza, katika kipindi hicho hicho ikiwezekana.

Zingatieni kwamba hakuna aliyemtaja mtu wa Kibiti. Sikuuliza. Sikusema "hebu tulinganishe na hapa kwetu." Kama wapo waliokuwa wakimfikiria mjomba au jirani walipokuwa wakimsemea mjumbe wa sita, hilo lilibaki lao.

Kutoka hewani hadi Kanada

Baada ya Kusadikika darasa linakuwa tayari kwa riwaya ya Kiingereza yenyewe. Ninayoitumia ni The Marrow Thieves ya Cherie Dimaline, mwandishi wa jamii ya Wametisi wa Kanada, iliyotoka mwaka 2017 na kupata tuzo ya Gavana Mkuu ya nchi hiyo kwa vitabu vya vijana. Msimulizi ni kijana anayeitwa Frenchie. Kiingereza chake ni cha kijana, sentensi nyingi ni fupi, na msamiati wa msituni, moto, njaa na kutembea wanafunzi wetu wanauelewa haraka. Tuna nakala moja tu, kwa hiyo nasoma kwa sauti nao wanafuata kwa masikio, nikiandika ubaoni maneno magumu kabla ya kuanza.

Katika dunia ya riwaya hiyo hali ya hewa imevurugika, maji safi yamekuwa haba, na watu wamepoteza uwezo wa kuota ndoto. Wenyeji asilia peke yao ndio wanaoota bado, na serikali imegundua kwamba ndoto zao zinaweza kuvunwa kutoka katika uboho wa mifupa yao. Wanawindwa. Mwanzoni mwa kitabu kaka yake Frenchie, Mitch, anajitoa akamatwe ili mdogo wake atoroke. Frenchie anaungana na kundi dogo la wakimbizi linaloelekea kaskazini chini ya uongozi wa mzee Miig.

Mahali wanapopelekwa waliokamatwa panaitwa shule. Tulipofika hapo wanafunzi wangu walilikataa jina hilo. Kwa mtoto wa Kiongoroni anayeamka alfajiri kuwahi mtumbwi, au anayeishi kwenye chumba cha kupanga Kibiti mjini akijipikia mwenyewe, shule ndiyo tegemeo. Ilibidi niwaeleze historia: kwamba Kanada ilikuwa na shule za bweni ambamo watoto wapatao 150,000 wa wenyeji asilia walipelekwa, wengi wakitenganishwa na wazazi kwa nguvu, wakaadhibiwa kwa kusema lugha zao, na maelfu hawakurudi nyumbani. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, na tume ya ukweli na maridhiano ilitoa ripoti yake mwaka 2015. Dimaline hakubuni shule hizo. Alichofanya ni kuzisogeza mbele, kwenye wakati ujao.

Kilichofuata sikukitarajia. Katika riwaya yupo bibi mzee, Minerva, anayeonekana hana msaada mkubwa kwa kundi linalokimbia. Anakamatwa, anafungwa kwenye mitambo ya kuvuna ndoto, naye anaota na kuimba kwa lugha ya wazee wake, na mitambo ile inaharibika. Lugha ambayo serikali ilitaka ifutike ndiyo inayoishinda mashine. Darasa lilinyamaza, kisha msichana mmoja akasema bibi yake anazungumza Kindengereko, mama yake anakielewa, na yeye anajua salamu tu. Wengine wakaanza kutaja Kirufiji, Kimatumbi, Kinyagatwa. Wiki iliyofuata baadhi yao walikuja na maneno waliyoyakusanya nyumbani, ya samaki na ya aina za mpunga, wakaandika maelezo yake kwa Kiingereza. Somo la Kiingereza lilimrudisha mtoto kwa bibi yake. Sijui kama mtunga mtaala aliwahi kulitegemea hilo, lakini mimi nalihesabu kuwa mafanikio makubwa ya kipindi.

Tahadhari moja: si kila sura isomwe. Kisa cha Wab, mmoja wa wale wakimbizi, kina ukatili dhidi ya msichana ambao sitausoma kwa sauti mbele ya darasa la mchanganyiko. Mwalimu asome kitabu kizima kwanza, achague.

Haki ya kunyamaza

Hapa ndipo penye uzito wa mada yangu. Katika kundi la Miig kuna utaratibu: kila mtu ana kisa cha namna alivyofika, na kisa hicho ni mali yake. Hakuna wa kumsimulia mwenzake, wala wa kumlazimisha aseme. Mtu husema akiwa tayari. Tena mtoto mdogo kuliko wote, RiRi, mwenye miaka saba, huondolewa pale Miig anapoanza kusimulia historia ya mateso ya watu wao. Wakubwa wanapima mtoto anaweza kubeba nini na lini.

Naomba tuuchukue utaratibu huo kama ulivyo. Najua hamu ya mwalimu. Umesoma mahali kwamba somo lihusishwe na mazingira ya mwanafunzi, basi unaandika ubaoni: eleza tukio la kutisha lililokupata. Katika wilaya hii swali hilo ni hatari. Katika dawati moja anaweza kukaa mtoto ambaye baba yake aliuawa na mtoto ambaye kaka yake alichukuliwa akishukiwa. Wanasoma pamoja, wanacheza mpira pamoja, na amani yao imejengwa na ukimya ambao si wetu kuuvunja kwa ajili ya alama ishirini za insha. Insha hiyo ukiisahihisha utaipeleka wapi? Utamwambia mtoto kwamba kitenzi chake kina kosa?

Tumuulize kuhusu Karama. Tumuulize kuhusu Frenchie na Mitch. Akitaka kuvuka kutoka Kusadikika kuja Kibiti, avuke mwenyewe, kwa wakati wake. Na siku akivuka, mwalimu aache kalamu nyekundu, amsikilize, na kama anaona mzigo unazidi uwezo wake amshirikishe mwalimu wa malezi na unasihi kwa siri.

Kuhusu maji na bwawa, mabishano yanaweza kuwa ya wazi zaidi, maana ni mambo ya hadharani. Hapo mimi huwapa mfano wa delta ya Rufiji yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali iliidhinisha mradi wa ufugaji wa kamba kwenye hekta 10,000 za delta, kwenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote ya mwambao wa Afrika Mashariki. Wapo wanavijiji waliokwenda Mahakama Kuu kuupinga, na mradi haukutekelezwa. Mwanafunzi aliyemsoma Karama akisikia kwamba watu wa vijiji vyao walisimama mahakamani wakatumia sheria, anaona kwamba mtu wa delta si wa kuonewa huruma tu. Riwaya ya distopia ikifundishwa bila mfano wa namna hii huacha darasa na huzuni tupu.

Mtihani, na woga

Wenzangu wamenieleza mara nyingi kwamba muda hautoshi, kwamba vitabu hivi haviko kwenye orodha, na kwamba mkuu wa shule anataka ufaulu. Nakubali kuwa mtihani wa kidato cha nne ndio unaoamua maisha ya hawa watoto. Lakini angalieni orodha tuliyoizoea. Weep Not, Child ya Ngũgĩ imefundishwa miaka na miaka, na ndani yake Njoroge anatolewa shuleni, anapelekwa kuteswa na maofisa wa serikali ya kikoloni. Mwanafunzi aliyekwisha kubishana kuhusu wajumbe sita atamwelewa Njoroge kwa nusu ya muda, na swali la dhamira au mhusika atalijibu kwa mawazo yake badala ya maelezo ya kukariri kutoka vijitabu vya maswali na majibu. Vipindi vinne vya Kusadikika vinalipa.

Wengine wanaogopa kuonekana wanachochea. Kusadikika imesomwa na Watanzania wa kila rika, na mwandishi wake anaheshimiwa na taifa zima. Anayemfundisha Shaaban Robert hana cha kuficha.

Ombi langu kwa semina hii ni dogo. Muhula ujao kila shule ya Kibiti na Rufiji itenge vipindi vinne vya kidato cha tatu kwa Kusadikika, mwalimu wa Kiswahili na wa Kiingereza wakiingia darasani pamoja. Afisa elimu atusaidie tupate walau nakala chache za The Marrow Thieves zizunguke kati ya shule zetu. Na tukubaliane leo, kabla hatujatawanyika, kwamba hakuna mwalimu wa wilaya hizi atakayempa mwanafunzi zoezi la kuandika yaliyompata yeye au familia yake mwaka 2017. Kusadikika bado inachapishwa na Mkuki na Nyota, na mwalimu wa Kiswahili wa shule yako anaijua. Mfuate Jumatatu.